Ombi kwa wahariri: watengeeni wanakisomo nafasi gazetini

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Septemba 8, Siku ya Kisomo Duniani, magazeti yetu huchapisha picha za maandamano na mabango pamoja na hotuba ya mgeni rasmi, na mara nyingi huambatanisha takwimu za Watanzania wasiojua kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni jambo jema na siandiki kulilaumu. Ninachotaka kukuletea wewe na wahariri wenzako ni kwamba mtu anayezungumzwa katika habari hizo hawezi kuzisoma, na simkusudii yule tu asiyejua herufi hata moja, bali pia yule aliyehudhuria hadi mwisho darasa la kisomo, yaani la watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika, akafaulu, akapewa cheti, kisha akishikishwa gazeti anashindwa kumaliza aya moja. Mimi ni mwalimu wa kujitolea wa kisomo wilayani Sengerema, na hoja yangu ni kuwa darasa la watu wazima halitatupatia wasomaji wa kudumu iwapo baada ya kitabu cha darasani hakuna kingine kinachosomeka, na kwamba magazeti ya Kiswahili yanao uwezo wa kuliziba pengo hilo kwa gharama ndogo.

Wenye umri wa kutosha watakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwamba mwaka uliofuata wilaya chache, zikiwamo Mafia, Ukerewe na Masasi, zilipewa jukumu la kutangulia katika kufuta ujinga kabla ya nchi nzima kuagizwa kufanya hivyo ifikapo mwisho wa mwaka 1975. Wakati wa sensa ya 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mitihani ya kisomo ya taifa ikaonyesha idadi hiyo ikiporomoka: asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977, asilimia 15 mwaka 1983, na hatimaye asilimia 9.6 mwaka 1986. Nchi chache sana zenye kipato kama chetu zilikuwa zimefika hapo. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilipofanyika, karibu watu wazima watatu katika kila kumi walihesabiwa kuwa hawajui kusoma na kuandika.

Wapo wanaolitaja ongezeko hilo la wasiojua kusoma kama ushahidi kwamba wahitimu wa zamani walisahau kila kitu, na wapo wanaosema mitihani ile ilikuwa ya kisiasa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinarahisisha mno. Sehemu kubwa ya waliohesabiwa mwaka 2002 hawakuwa wahitimu waliosahau, bali watoto wa miaka ya 1980 na 1990 ambao hawakupelekwa shule au waliacha mapema, wakati ada na michango vilipowalemea wazazi, nao wakawa watu wazima bila kupita darasani. Tena mtihani ulikuwa kipimo cha aina moja, na swali la karani wa sensa mlangoni ni kipimo cha aina nyingine. Hata hivyo kusahau kupo, na wanaolibisha hilo hawajakaa na bibi mwenye cheti cha miaka ya sabini kilichohifadhiwa vizuri ndani ya sanduku, anayejua kabisa kwamba kimeandikwa jina lake kwa sababu aliambiwa hivyo siku alipokabidhiwa, lakini sasa hawezi kuonyesha ni lipi kati ya maneno yaliyo juu ya mstari. Mabibi wa namna hiyo wamo darasani kwetu.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba katika mitihani ile ya taifa, gazeti lenyewe lilikuwa sehemu ya kipimo. Mwanakisomo alihesabiwa kuwa amefika hatua ya nne, ambayo ndiyo iliyoitwa ya kisomo chenye manufaa, pale alipoweza kusoma gazeti na kufuatilia mambo ya nchi, kusoma vijitabu vya kilimo na afya, kuandika ujumbe, na kuweka hesabu za mapato na matumizi yake. Waliopanga kipimo hicho walielewa kuwa kitabu cha kwanza peke yake hakitoshi. Huku Kanda ya Ziwa, ambako mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ulianza mwaka 1968, vitabu vya kujifunzia vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, kila eneo kwa shughuli zake, na baadaye likaanzishwa gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, likitolewa Mwanza kwa ajili ya wale waliokuwa wametoka kujifunza. Zikafunguliwa na maktaba za vijiji. Kisha uchumi ukayumba, karatasi zikaadimika, na vitu vya kusoma vikawa miongoni mwa vya kwanza kutoweka vijijini. Walimu wa kujitolea nao waliondoka mmoja mmoja, na suala la posho zao, ambalo hadi leo halijapata ufumbuzi, naliacha kwa siku nyingine.

Sasa nieleze hali ilivyo darasani, maana pendekezo langu limetoka huko.

Wanaokuja wengi ni akina mama: wauza dagaa wa mwaloni (soko la samaki la ufukweni), wakulima wa mihogo na pamba, na mama lishe. Tunatumia chumba cha darasa la kwanza jioni watoto wakishaondoka, na madawati ni ya watoto, hivyo wengi hukaa upande upande kwa kuwa magoti hayaingii chini ya meza. Hakuna aliyekuja kwa kuvutiwa na elimu kwa jumla. Kila mmoja ana karatasi iliyomleta. Yuko aliyekuja na mkataba wa mkopo, ile inayoitwa kausha damu, aliouwekea dole gumba akiamini kwamba riba ni ya mwezi, kumbe ilikuwa ya wiki. Yuko aliyekuwa akimpa kijana wa jirani simu yake pamoja na namba ya siri ili amtolee fedha kwa wakala, hadi siku alipogundua kwamba salio halilingani na mauzo yake. Yuko aliyechoka kuuliza watu barabarani kadi ya kliniki ya mjukuu imeandikwa arudi lini. Wanaume ni wachache, nao kwa kawaida huanza kwa kusimama dirishani siku kadhaa, wakijifanya wanamsubiri mtu.

Lugha yetu imetusaidia sana katika hatua ya mwanzo. Irabu ni tano, silabi karibu zote huishia na irabu, na herufi husomwa jinsi ilivyoandikwa, kiasi kwamba mtu mzima anayehudhuria bila kukosa huweza kusoma pamba, dagaa na muhogo katika miezi michache, akapambana kidogo na tofauti ya ng'ombe na ngoma, na kwa wengine kura na kula, kisha akavuka. Ugumu huanza baada ya hapo, na baadhi yake hauhusiani na akili ya mwanafunzi hata kidogo.

Chukua suala la macho. Mtu akishavuka miaka arobaini hivi huanza kupoteza uwezo wa kuona vizuri kitu kilicho karibu, na hili huwapata karibu watu wote. Mkulima hawezi kuligundua kwa sababu shughuli zake nyingi anazifanya kwa umbali wa mkono au zaidi. Siku anapofungua daftari ndipo herufi zinapomchezea, naye hudhani ni uzito wa kichwa chake, na mwalimu asiyejua hudhani hivyo hivyo. Tuliponunua mnadani miwani ya kusomea ya bei nafuu na kuiacha mezani ili kila anayetaka ajaribu, baadhi ya waliokuwa wamebaki nyuma kwa muda mrefu walianza kusoma mistari mizima jioni ile ile. Ningependa kila mpango wa kisomo uhesabu miwani pamoja na chaki na madaftari. Lakini nalitaja hapa kwa sababu ya gazeti pia, kwani matangazo yanayowahusu watu hawa moja kwa moja, kama vile notisi za mahakama, minada ya dhamana za mikopo na upimaji wa viwanja, ndiyo yanayochapishwa kwa herufi ndogo kuliko zote.

Gazeti linatufikia, tena kwa wingi kuliko unavyoweza kufikiri, ila linafika kama karatasi ya kufungia. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, maandazi, karanga na vitumbua vinafungwa kwa magazeti yaliyonunuliwa kwa kilo. Mama mmoja anayeuza dagaa kwa sado pale mwaloni huja na kipande chake, anakinyoosha juu ya dawati kwa kiganja na kusoma kwa sauti, akifuata mstari kwa kidole. Kichwa cha habari, kilichohusu Simba na Yanga, alikisoma bila kukwama na darasa zima likacheka. Aliposhuka kwenye habari yenyewe alifika mwisho wa mstari palipoandikwa "mwan-", akasita, akarudi nyuma, akajaribu tena, kisha akaruka mstari unaofuata na kukutana na "anchi". Akaniuliza, "Mwalimu, hapa wamekosea?"

Ni kweli wamekosea, Ndugu Mhariri. Amefundishwa kwa silabi, naye anajua kwamba neno lile ni mwa-na-n-chi. Programu ya kupangia kurasa katika chumba chako cha habari inakata maneno kwa kanuni za lugha nyingine, inatenga "ser-ikali", "wan-afunzi", "kuend-elea", na msomaji mzoefu hapati shida kwa kuwa macho yake yanalitambua neno zima kabla hayajafika kwenye kistari. Msomaji mpya hana msaada huo. Kila mkato usiofuata silabi unamrudisha mwanzo, na katika safu nyembamba za gazeti mikato hiyo huja karibu kila mistari mitatu.

Katika kipande kile kile alikutana na TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, akaisoma vizuri kabisa kwa kuwa ina silabi kamili, ingawa hakujua maana yake. Alipofika kwenye TRA (Mamlaka ya Mapato) na NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) akaniuliza irabu zake ziko wapi. Hapo sikuweza kulilaumu gazeti peke yake, maana nchi nzima inazungumza kwa vifupisho, lakini mwandishi anayetaka kueleweka anaweza kuandika jina kamili angalau mara ya kwanza.

Kisha kuna sentensi zenyewe. Waandishi wetu wamezoea kuandika kama taarifa inavyosomwa ukumbini: "Serikali imesema itaendelea kuhakikisha upatikanaji wa mbolea ya ruzuku kwa wakati kwa wakulima wote waliokamilisha taratibu za usajili katika mfumo husika." Sentensi hiyo nimeitunga mwenyewe, lakini naamini hakuna msomaji wako atakayesema hajawahi kukutana na ndugu zake. Mwanakisomo akifika kwenye "mfumo husika" ameshasahau ilianzaje. Nilipoiandika ubaoni kwa namna nyingine, yaani "Mkulima aliyejiandikisha atauziwa mbolea ya ruzuku. Ambaye hajajiandikisha aende kwa mtendaji wa kijiji," waliisoma wote, na papo hapo ukazuka mjadala mkali kuhusu nani aliyeandikishwa na nani aliyerukwa. Mjadala huo, kwa mtazamo wangu, ulikuwa na thamani kuliko zoezi lolote la imla nililowahi kuwapa.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi watu wako kwenye simu, na kwamba anayetaka kuwasaidia wasomaji wapya ahamie huko. Simu inasaidia kwa kiasi, hasa kwa tarakimu, kwa kuwa hakuna anayejifunza namba haraka kama anayesoma ujumbe wa fedha zilizoingia. Lakini kwa maneno, simu ya kijana ni mwalimu mbaya. Mama aliyejifunza kwa taabu kuandika "sijui" na "sasa" anapokea kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam ujumbe ulioandikwa "cjui" na "xaxa", na hakuna darasa la kisomo litakalomwandaa kwa hilo. Wengine wameacha kabisa kuandikiana, wanatumiana sauti zilizorekodiwa, jambo ambalo ni rahisi na la haraka, nami siwalaumu, ila linamwondolea msomaji mpya mazoezi ya mwisho aliyokuwa nayo. Karatasi inayokaa nyumbani, inayoweza kurudiwa kesho na kesho kutwa, bado haina mbadala kwa mtu anayesoma polepole.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Gazeti lako litenge nusu ukurasa mara moja kwa wiki, katika siku ambayo matangazo huwa machache, kwa ajili ya wasomaji wapya. Herufi ziwe kubwa, za pointi 14 au zaidi, nyeusi juu ya karatasi nyeupe, bila maandishi yaliyopachikwa juu ya picha. Neno lisikatwe mwisho wa mstari. Habari isizidi maneno mia moja na hamsini, na kila sentensi ibebe jambo moja. Bei za mazao na za samaki ziwekwe katika jedwali dogo, kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo muuzaji atalitafuta na ndilo litakalomfanya alinunue au aliazime gazeti la wiki inayofuata.

Jambo ninaloliogopa zaidi katika ukurasa kama huo ni kugeuzwa kuwa wa kitoto. Watu hawa wamelea familia, wameongoza vikoba, wengine wamezika waume na kuendesha mashamba peke yao, na wanajua tofauti ya mtu anayewaheshimu na anayewabembeleza. Hawahitaji hadithi za sungura wala nasaha za kunawa mikono. Wanahitaji kujua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema nini kuhusu mjane na shamba aliloachiwa, hati ya hakimiliki ya kimila inaombwa wapi, mkataba wa mkopo lazima uonyeshe nini kabla mtu hajausaini, na mahakama ya mwanzo inafanyaje kazi. Wanataka pia kujua nani amefunga bao, na sioni sababu ya kuwanyima. Kuandika kwa wepesi kuhusu mambo mazito ni kazi ya mwandishi hodari, hivyo ningekuomba usimpe ukurasa huu mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo kwa kuwa tu hakuna mwingine aliyeutaka.

Kuandika nako kusisahauliwe, kwani kisomo hufa upesi zaidi upande wa kalamu kuliko upande wa macho. Mwanakisomo anaandika jina lake, anaandika imla, kisha hana tena wa kumwandikia. Ukurasa ukiacha nafasi ya barua fupi za wanakisomo, za sentensi tatu au nne, zikichapishwa kama zilivyo baada ya kurekebishwa tahajia tu, watu wataandika, na vijiji jirani vitasoma ili kuona nani ameandika. Jina la mtu linapotokea gazetini, karatasi hiyo haifungiwi maandazi.

Kuhusu gharama, sidai kuzijua hesabu za kampuni yako, lakini nusu ukurasa kwa wiki ni nafasi ambayo magazeti hutoa kwa salamu za pongezi bila kufikiri mara mbili. Idara na taasisi zinazohusika na elimu ya watu wazima, pamoja na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoenea mikoani tangu katikati ya miaka ya 1970, zina wataalamu wanaoweza kuzipitia habari hizo, na nyingi kati yao zinatafuta njia ya kuwafikia wahitimu wao. Magazeti kadhaa yakikubaliana kushirikiana, habari moja iliyorahisishwa vizuri inaweza kutumika katika yote.

Upande wetu tuko tayari kufanya kazi ya kuujaribu ukurasa kabla haujachapishwa. Nakala ikitumwa kwa basi la Mwanza, darasa litaisoma jioni ile ile, nami nitaweka alama kila mahali msomaji aliposita na kuirejesha kwako. Na iwapo nafasi ya ukurasa haitapatikana kwa sasa, basi naomba jambo dogo kuliko hilo, ambalo halihitaji bajeti wala kikao cha bodi: mafundi wako wa kupanga kurasa waizime ile sehemu ya programu inayokata maneno, au waifundishe silabi za Kiswahili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kujitolea wa kisomo,
Sengerema, Mwanza